Tangasaurus: Mtambaazi wa Kale wa Tanga na Fumbo la Nasaba Yake

Mwaka 1924 jarida la Chama cha Jiolojia cha London lilichapisha maelezo ya mnyama mdogo wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana katika machimbo ya mawe karibu na mji wa Tanga. Mwandishi wa maelezo hayo, Sidney H. Haughton, aliyekuwa mtaalamu wa visukuku huko Afrika ya Kusini, alimpa mnyama huyo jina la Tangasaurus mennelli. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inautaja mji wa Tanga na kuuambatanisha na neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi. Sehemu ya pili ni heshima kwa F. P. Mennell, mjiolojia aliyeyakusanya mabaki hayo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo, kwa tafsiri nyepesi, huyu ni "mjusi wa Tanga, wa Mennell".

Hata hivyo, Tangasaurus si mjusi. Swali la yeye ni nani limewashughulisha wataalamu kwa karne nzima, na majibu yao yamebadilika si chini ya mara tatu. Makala haya yanakusudia kueleza mnyama huyo alikuwa wa namna gani, kwa nini uainishaji wake umekuwa mgumu, na mgogoro huo una faida gani kwa mwanafunzi wa elimuviumbe.

MIAMBA NA MABAKI

Miamba iliyohifadhi mabaki ya Tangasaurus ni sehemu ya miamba ya Karoo, jina ambalo wajiolojia hulitumia kwa mfululizo wa matabaka ya mchanga na matope ulioenea sehemu nyingi za kusini na mashariki ya Afrika. Katika eneo la Tanga matabaka haya ni ya zamani kuliko mawe ya chokaa ya kipindi cha Jurasiki ambamo mapango maarufu ya Amboni yamechimbika. Kuelekea kaskazini miamba ya namna hiyo hiyo yaendelea ndani ya Kenya, nyuma ya pwani ya Mombasa, ambako huitwa miamba ya Duruma. Majina ya sehemu zake, kama vile Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, yanafahamika kwa kila asafiriye kwa reli itokayo Mombasa.

Mabaki ya Tangasaurus yamehesabiwa kuwa ya mwisho wa kipindi cha Permiani, yaani kati ya miaka milioni 260 na milioni 250 hivi iliyopita. Wakati huo hapakuwa na ndege, wala nyoka, wala mnyama yeyote anyonyeshaye. Dainosari wenyewe walikuwa hawajatokea. Mabara yote yalikuwa yameungana, na kisiwa cha Bukini, ambacho leo huitwa Madagaska, kilikuwa kimebanana na pwani ya Afrika Mashariki.

Mabaki yenyewe ni machache. Vielelezo vya msingi ni viwili tu, na vyote vilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cape Town. Kimoja ni mifupa ya mwili pamoja na sehemu ya fuvu lililoharibika. Cha pili ni mifupa isiyo na fuvu kabisa. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi wote utakaoelezwa hapa chini inatokana na upungufu huo wa fuvu.

UMBO NA MAISHA YAKE

Mtu ambaye angemwona Tangasaurus akiwa hai, bila shaka angemwita mjusi, au pengine kenge mdogo. Alikuwa na mwili mwembamba, miguu minne yenye vidole vitano vitano, na mkia mrefu. Mkia huo ndio unaotoa habari nyingi kuhusu maisha yake. Kila pingili ya mkia ina mwiba wa mfupa upande wa juu, na mwingine upande wa chini. Katika mijusi ya nchi kavu miiba hiyo aghalabu ni mifupi na myembamba. Katika Tangasaurus miiba ya chini imepanuka kama vibao, hata mkia mzima ukawa mpana kutoka juu kwenda chini na mwembamba kutoka ubavu hadi ubavu, mfano wa kasia lililosimamishwa kwa ukingo wake.

Kazi ya mkia wa namna hiyo yaweza kuonekana kwa macho leo hii. Kenge wa maji, ambaye hupatikana katika mito na mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, ana mkia uliobanwa ubavuni, naye huutumia kujisukuma majini huku akiibana miguu yake mwilini. Mamba hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo wataalamu wameafikiana kwamba Tangasaurus alikuwa mwogeleaji.

Jambo hili lathibitishwa na jamaa yake wa Bukini. Mwaka 1926 mtaalamu wa Kifaransa, Jean Piveteau, alieleza mnyama aliyempa jina la Hovasaurus boulei, aliyepatikana katika miamba ya Sakamena, kusini-magharibi ya kisiwa hicho. Hovasaurus hufanana sana na Tangasaurus, lakini mabaki yake ni mengi mno: vielelezo vyake huhesabiwa kwa mamia. Urefu wake ulikuwa kiasi cha nusu mita, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia. Jambo la ajabu ni kwamba katika vielelezo vingi vya Hovasaurus imeonekana changarawe ndani ya tumbo. Mtaalamu wa Kanada, Philip Currie, aliyemchunguza mnyama huyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1981, alieleza kwamba mnyama huyo aliimeza changarawe hiyo ili iwe uzito wa kumsaidia kuzama na kutulia majini, kama vile mabaharia wanavyotia farumi ndani ya jahazi lisilo na shehena.

KWA NINI KUFANANA HAKUTOSHI

Wahenga walisema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Msemo huo wafaa kuwa onyo la kwanza kwa kila mwanafunzi wa uainishaji. Mamba na kenge hufanana kwa umbo, kwa magamba, kwa mwendo na hata kwa makazi. Lakini uchunguzi wa mifupa, wa moyo na wa chembe za urithi umethibitisha kwamba ndugu wa karibu wa mamba, miongoni mwa wanyama walio hai, ni ndege. Kenge ni mjusi, naye yu karibu zaidi na nyoka kuliko alivyo karibu na mamba.

Mfano mwingine ni tuatara wa New Zealand. Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, John Edward Gray, alilieleza fuvu la mnyama huyo akidhani ni mjusi. Ilipofika mwaka 1867, Albert Günther alionyesha kwamba mifupa ya tuatara ni tofauti na ya mijusi yote, naye akamwekea kundi la peke yake. Basi ikiwa mnyama aliye hai, mwenye ngozi na fuvu kamili, aliweza kuwapotosha wataalamu kwa miaka 36, si ajabu kwamba mifupa miwili mibovu kutoka Tanga imewasumbua kwa muda mrefu zaidi.

Kwa kawaida wataalamu hutegemea fuvu wanapotafuta nasaba ya watambaazi. Nyuma ya tundu la jicho fuvu huweza kuwa na matundu mengine, ambayo kwayo misuli ya taya hupata nafasi ya kutanuka. Wanyama wenye tundu moja kila upande huitwa sinapsida. Hao ndio nasaba iliyowazaa wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwamo. Wenye matundu mawili kila upande huitwa diapsida, na katika hao wamo mijusi, nyoka, tuatara, mamba, dainosari na ndege. Hata hivyo alama hiyo nayo haikosi vitatanishi. Mijusi ya leo imepoteza ufito wa mfupa uliolifunga tundu la chini. Kobe na kasa hawana matundu hata kidogo, nao kwa muda mrefu walitengwa na diapsida; lakini uchunguzi wa chembe za urithi umewarudisha karibu na mamba na ndege. Yaani sifa yaweza kuwapo, ikapotea, na kwa kupotea kwake ikamhadaa mchunguzi.

JIBU LA KWANZA: MAMBA WA ALFAJIRI

Miaka kumi kabla ya Tangasaurus kupewa jina, mtaalamu maarufu wa visukuku vya Karoo, Robert Broom, alikuwa ameeleza mtambaazi mdogo kutoka Afrika ya Kusini aitwaye Youngina. Fuvu la Youngina lilikuwa na matundu yote mawili ya diapsida, tena lilikuwa la kale mno. Broom akamwekea kundi jipya aliloliita Eosuchia, jina la Kigiriki linaloweza kutafsiriwa "mamba wa alfajiri".

Kundi la Eosuchia likawa kama kapu la sokoni. Kila diapsida wa kale ambaye hakuonekana kuwa mjusi kamili, wala mamba, wala dainosari, alitiwa humo. Tangasaurus na Hovasaurus nao wakatiwa. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne vitabu vya vyuo vikuu viliwafundisha wanafunzi kwamba Eosuchia ni shina ambalo kwalo watambaazi wengine wote wa namna hiyo walichipuka.

Kasoro ya kapu hilo yaonekana kwa urahisi. Wanyama waliwekwa pamoja kwa sababu ya kile walichokikosa, wala si kwa sababu ya kile walichokuwa nacho. Ni sawa na mwalimu kuwapanga wanafunzi wote wasio na viatu katika safu moja, kisha akatangaza kwamba wao ni watoto wa nyumba moja.

JIBU LA PILI: UPANDE WA MIJUSI

Katika miaka ya 1970 na 1980 suala hili lilifunguliwa upya, hasa na Robert Carroll wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na mwanafunzi wake Currie. Mwaka 1977 Carroll, akishirikiana na John Harris, alieleza mtambaazi kutoka Mariakani, Kenya, aliyepewa jina la Kenyasaurus mariakaniensis. Huyu naye hana fuvu. Mwaka 1981 Carroll alieleza Thadeosaurus kutoka Bukini, na mwaka 1982 Currie akachapisha uchunguzi kamili wa Tangasaurus.

Currie alibainisha mambo mawili ya maana. Kwanza, vielelezo vya Bukini ambavyo vilikuwa vimehesabiwa kuwa ni vya Tangasaurus kwa kweli ni vya Hovasaurus. Kwa hiyo Tangasaurus wa hakika ni yule wa Tanga peke yake. Pili, aliugawa ukoo wa Tangasauridae katika matawi mawili: tawi la waogeleaji, yaani Tangasaurus na Hovasaurus, na tawi la Kenyasaurus na Thadeosaurus, ambao mikia yao haikugeuka kuwa makasia.

Carroll na Currie waliwaona wanyama hawa kuwa upande wa mijusi. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa kidari. Katika wanyama hawa kidari kilikuwa kimegeuka mfupa, chenye vibao viwili. Katika mjusi aliye hai, mfupa wa bega huteleza kwenye ukingo wa kidari kila mguu wa mbele unapokwenda mbele, na kwa njia hiyo hatua ya mnyama hurefuka. Kwa maoni ya wataalamu hao, kidari cha namna hiyo kilikuwa dalili kwamba mwendo wa mijusi ulikuwa umeanza tayari, na kwamba watangasauridi walikuwa tawi la awali la nasaba iliyowazaa mijusi na nyoka.

Kama jibu hili lingethibitika, uzito wake ungekuwa mkubwa. Mijusi na nyoka wa leo ni zaidi ya spishi 10,000, na tarehe ya kutengana kwa nasaba yao na ile ya mamba na ndege hutumika kupima mwendo wa mageuko katika chembe za urithi. Kisukuku kikiwekwa upande usio wake, saa hiyo yote husomwa vibaya.

JIBU LA TATU: NJE YA MLANGO

Wakati huo huo mbinu mpya ya uainishaji ilikuwa ikienea. Kanuni yake ni kwamba si kila sifa ya pamoja ni ushahidi wa udugu wa karibu. Binadamu na mjusi wote wana vidole vitano, lakini nyoka hana hata kimoja. Haifuati kwamba mjusi ni ndugu wa binadamu kuliko wa nyoka. Vidole vitano ni urithi wa kale wa wote, ambao nyoka ameupoteza. Sifa inayothibitisha udugu ni ile iliyo mpya, iliyoanza kwa mhenga mmoja na kurithiwa na wazao wake peke yao. Mchunguzi hana budi kuorodhesha sifa nyingi za wanyama wengi, kisha kuutafuta mti wa nasaba unaohitaji mabadiliko machache zaidi.

Mbinu hiyo ilipotumika kwa makini, matokeo yalikwenda kinyume na jibu la pili. Mwaka 1991 Michel Laurin alichapisha uchunguzi uliomweka Youngina na jamaa zake nje ya kundi lote la watambaazi wa kisasa. Maana yake ni kwamba walitengana na nasaba kuu kabla mijusi na mamba hawajaachana. Kwa hesabu hiyo Tangasaurus si mhenga wa mjusi, wala si wa mamba. Ni ndugu wa mbali wa wote wawili kwa kiasi kile kile, mfano wa mjomba wa babu aliyekufa bila kuacha mtoto.

Halafu kukatokea shaka juu ya kundi lenyewe. Mwaka 2009 Constanze Bickelmann, Johannes Müller na Robert Reisz walimchunguza upya Acerosodontosaurus, mtambaazi mwingine wa Bukini, wakaona kwamba Youngina, watangasauridi na wenzao hawashikamani kuwa kundi moja la kweli. Huenda ni matawi mbalimbali yaliyochipuka moja baada ya jingine kwenye shina moja, na kufanana kwao ni kule kwa urithi wa kale tu. Yaani kapu la Broom, lililokuwa limepunguzwa na kusukwa upya, bado lilikuwa na tundu.

Mjadala haujafungwa. Ingawa jibu la tatu ndilo linalokubaliwa na wengi kuhusu mahali pa wanyama hawa nje ya nasaba ya mijusi na mamba, udugu wao wenyewe kwa wenyewe unaendelea kuchunguzwa.

WALIONUSURIKA

Jambo moja zaidi huwapa wanyama hawa umuhimu. Kipindi cha Permiani kilimalizika, miaka milioni 252 hivi iliyopita, kwa maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya uhai. Spishi nyingi za baharini zilitoweka, na nchi kavu nayo haikusalimika. Harris na Carroll walimhesabu Kenyasaurus kuwa wa mwanzo wa kipindi cha Triasiki, yaani baada ya maangamizi hayo. Na mwaka 2004 Hilary Ketchum na Paul Barrett walieleza mabaki ya watangasauridi katika miamba ya Triasiki ya Bukini. Kwa hiyo yaonekana kwamba ukoo uliobeba jina la Tanga ulivuka salama mlango ambao wengi waliangamia mbele yake. Je, maisha ya majini ndiyo yaliyowaokoa? Jibu lahitaji visukuku zaidi, vyenye tarehe zilizo thabiti zaidi, kutoka miamba ya pande zote mbili za mpaka huo wa wakati.

Miamba hiyo ipo. Ni ile ile inayokatwa kwa ajili ya ujenzi na barabara katika ukanda wa Tanga na Mariakani. Fuvu moja zima la Tangasaurus laweza kumaliza hoja ambazo mifupa ya mwili imeshindwa kuzimaliza kwa miaka mia moja. Mtu akiona ndani ya jiwe alama mfano wa pingili au mbavu, asiipige nyundo wala asiing'oe. Afadhali apige picha, aandike mahali hasa na tabaka alipoiona, kisha awajulishe makumbusho ya taifa au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Kwa maana kisukuku kilichotengwa na tabaka lake hupoteza nusu ya habari zake.

ZOEZI KWA DARASA

Mwalimu aandike ubaoni majina ya wanyama watano: kenge, mamba, njiwa, nyoka na kobe. Wanafunzi waorodheshe kwa kila mmoja sifa hizi: miguu, magamba, manyoya, meno, na moyo wenye vyumba vinne vilivyotengana kabisa. Kisha wajibu maswali yafuatayo.

1. Wanyama hao wakipangwa kwa umbo la nje peke yake, ni yupi atakayekuwa jirani wa mamba?

2. Wakipangwa kwa sifa ya moyo, jirani huyo atabadilika kuwa nani?

3. Ni sifa ipi katika orodha ambayo ni urithi wa kale uliopotea katika mnyama mmojawapo?

4. Kama mabaki ya kenge yangekuwa mifupa ya mkia tu, mchunguzi angeweza kukosea vipi nasaba yake?

Baada ya majibu, mwalimu alirudie suala la kidari cha Thadeosaurus, na wanafunzi wajadili kama sifa moja, hata ikiwa nzuri, yatosha kumpeleka mnyama katika ukoo fulani.